Hela za misaada zilivyofika mpaka kwenye kopo la dawa Kigoma

Huku Kigoma ukikaa kijiweni, iwe Mwanga, Ujiji au pale Kibirizi watu wanasubiri boti ijae, mada ya misaada ikianza tu watu wanagawanyika. Kuna wanaosema Wazungu hawajawahi kumsaidia Mwafrika hata siku moja, hela zote zinarudi kwao, na kuna wanaosema bila Wazungu tungekuwa tumeshaisha wote. Mimi nataka niongelee UKIMWI kwa urefu kidogo, manake hapa ndo mahali ambapo misaada ya serikali za nje imefanya kazi ambayo unaweza kuifuata hatua kwa hatua ukajua nani alilipa nini na kikatokea nini, na ukiifuata hivo unakuta pande zote mbili za kijiweni zimeacha nje sehemu kubwa ya habari.

Tuanze na kitu chenyewe, yani kopo. Mtu mzima anayetumia dawa za VVU leo Tanzania mara nyingi anapewa TLD, kopo jeupe la plastiki lenye vidonge 30 au lile kubwa la 90, kidonge kimoja tu kwa siku na ndani ya kidonge hicho kuna dawa tatu zimechanganywa, tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Lile kopo ukilitikisa linalia, na watu wanaijua sauti yake, ndo maana wengine wakishatoka dirisha la dawa wanavimimina vidonge kwenye kitambaa au pembe ya khanga wanafunga, kopo wanaliacha hukohuko, wasije wakapanda bajaji au boti mfuko ukaanza kuchachatika. Kidonge hicho mara nyingi kimetengenezwa India, kikashuka Dar, kikaingia Bohari ya Dawa ambayo wote tunaijua kama MSD, kikapandishwa gari mpaka bohari ya kanda pale Tabora, alafu kikagawiwa mpaka hospitali ya Maweni hapa mjini na vituo vya Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza.

Mgonjwa halipi chochote. Lakini kuna mtu amelipa, tena sio mmoja, na ugomvi mwingi wa kijiweni unatokana na watu kudhani aliyelipa ni mmoja.

Dawa yenyewe, sehemu kubwa imenunuliwa na Global Fund, yani Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ambao ni kapu la serikali nyingi, Marekani, Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Japani na wengine, ila sheria ya Marekani inairuhusu nchi hiyo kuchangia mpaka asilimia 33 ya kapu zima, kwahiyo hata kwenye hela ya "dunia nzima" karibu theluthi inaweza kuwa ya Mmarekani. Huku kwetu mpokeaji mkuu wa hela za serikali kutoka Global Fund ni Wizara ya Fedha. Jengo la zahanati na mshahara wa nesi aliyeajiriwa ni serikali yetu, yani kodi yako wewe na mimi. Alafu kuna katikati hapa, sehemu ambayo haionekani: anayekupigia simu usipokuja kliniki, anayebeba sampuli ya damu kwenda maabara, anayeingiza data kwenye kompyuta, mafunzo ya manesi, mashine na vitendanishi vya kupima wingi wa virusi. Sehemu kubwa ya hiyo kwa miaka mingi ilikuwa inalipwa na PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa Marekani peke yake. Ukilishika hili la nani analipa nini, mengine yote yanafunguka.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, watatu, na kufikia 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa imesharipoti wagonjwa. Sisi tunapakana na Kagera, kwahiyo huku hakuna aliyehitaji kusimuliwa na redio. Misaada ilianza mapema, Shirika la Afya Duniani lilisaidia nchi kuanzisha mipango ya kitaifa ya kudhibiti UKIMWI miaka ileile ya themanini, na hela za wafadhili zikaenda kwenye kupima damu hospitalini, kondomu, mabango, vipindi vya redio. Zilikuwa kazi za maana sana, lakini aliyekuwa ameshaambukizwa hazikumpa kitu. Alirudishwa nyumbani. Anayekumbuka miaka ya tisini anakumbuka wodi zilivyokuwa, anakumbuka mabibi waliobaki na wajukuu watano sita baada ya kuzika watoto wao wawili watatu mfululizo, na mwishoni mwa 1999 Rais Mkapa akatangaza rasmi kwamba UKIMWI ni janga la taifa, TACAIDS, yani Tume ya Kudhibiti UKIMWI, ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001.

Na hapa kuna kitu kinachouma. Dawa zilikuwepo tayari. Tangu 1996 ilijulikana kwamba ukimpa mgonjwa dawa tatu kwa pamoja virusi vinafubaa na mtu anainuka kitandani, Ulaya na Marekani vifo vilianza kushuka hapohapo, lakini dozi ya mwaka mmoja ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja. Nchi yetu wakati huo bajeti ya afya ukiigawa kwa kichwa ilikuwa dola chache tu kwa mwaka. Yani dawa ya mtu mmoja ingekula mgao wa afya wa kijiji.

Kwahiyo miaka ile hoja ya wakubwa wengi duniani ilikuwa kwamba Afrika ifundishwe kujikinga tu, matibabu tuyasahau. Na haikuwa bei peke yake. Mwaka 2001 mkuu wa wakati huo wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, Andrew Natsios, alisema hadharani kwamba Waafrika wengi hawajawahi kuona saa maishani mwao, na kwamba ukiwaambia wameze dawa saa fulani hawatakuelewa. Huyo ndo aliyekuwa amekalia hela za misaada. Mimi nikiisoma kauli ile leo, niko mji ambao adhana inasikika mara tano kwa siku, ambao mvuvi anajua mwezi utaandama lini bila kuangalia kalenda na bibi asiye na saa ukutani anajua dakika ya taarifa ya habari, naumia, manake wakati maneno hayo yanasemwa watu walikuwa wanakufa kila siku. Na alikuwa amekosea kabisa. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliojumlisha tafiti nyingi za namna watu wanavyomeza ARV, yani dawa za VVU, kwa uaminifu: Afrika kusini mwa Sahara asilimia 77 walikuwa wanafuata dawa vizuri, Marekani ya Kaskazini asilimia 55.

Kilichobadilisha mambo kwanza ni bei. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba inaweza kuuza dozi ya mwaka kwa dola 350 kwa Madaktari Wasio na Mipaka, chini ya dola moja kwa siku. Pale Kampala Dk. Peter Mugyenyi wa kituo cha JCRC alishaanza kuleta dawa za aina hiyo kutoka India bila kusubiri ruhusa ya kampuni kubwa zenye hataza, yani haki ya kutengeneza dawa hizo peke yao, akaonyesha kwamba Mwafrika wa kawaida anaweza kutibiwa na akapata nafuu vizuri tu. Huyu ni jirani yetu, Mganda, na nadhani tunamtaja kidogo mno tukiongelea historia hii, manake watu wanaongea kana kwamba wazo zima lilishuka kutoka Washington.

Ila dola 350 bado ni hela nyingi kwa muuza dagaa, na hata kwa serikali yake. Hapa ndo unaelewa kwanini ilihitajika serikali na sio kanisa moja au tajiri mmoja mwenye roho nzuri. ARV sio chanjo kwamba unachoma mara moja umemaliza, ni kila siku mpaka mtu anaingia kaburini kwa uzee, ukimwanzishia leo umemuahidi miaka 30 au 40 ijayo. Mfadhili mdogo hawezi kutoa ahadi hiyo. Alafu kiwanda hakishushi bei kwa huruma, kinashusha kikiwa na uhakika kwamba mwakani na mwaka unaofuata kuna mtu atanunua makopo milioni kadhaa, na mteja wa namna hiyo duniani ni serikali au serikali zimeungana. Global Fund ilianza Januari 2002 baada ya Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, kupiga kelele Abuja mwezi Aprili 2001, na Januari 28, 2003 George W. Bush, rais wa Marekani, akasimama mbele ya Bunge lao akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Kwenye hotuba ile alimnukuu daktari wa kijijini Afrika Kusini aliyesema hospitali nyingi zinawaambia wagonjwa una UKIMWI, hatuwezi kukusaidia, nenda nyumbani ukafe. Dk. Mugyenyi alikuwa ukumbini siku hiyo, mgeni wa mke wa rais. Mei 2003 sheria ikasainiwa, ndo PEPFAR ikazaliwa, na Tanzania ikawa kati ya nchi 15 za mwanzo zilizopewa kipaumbele.

Mwanzoni Wamarekani walikuwa wananunua dawa za kampuni zenye chapa tu, za bei kubwa, na wanaharakati walipiga kelele sana. Mwaka 2004 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikaweka njia ya kuzikagua haraka dawa za bei nafuu za India na Afrika Kusini kwa ajili ya mpango huu, hataza zao zikiendelea kulindwa kwao nyumbani. Hii naiona ni kati ya maamuzi makubwa kuliko hata zile bilioni zenyewe, kwasababu dola ileile ikaanza kununua dawa za watu wengi zaidi. Bei ikaendelea kushuka mpaka mwaka 2023 Global Fund ikatangaza TLD ya mwaka mzima kwa mtu mmoja chini ya dola 45.

Kwetu ARV za bure zilianza Oktoba 2004, kwenye hospitali kubwa kwanza, alafu zikateremka mpaka vituo vya afya na zahanati. Kliniki zake ndo tunaziita CTC. Wamarekani waliigawa nchi kimikoa: kuna mikoa iliyosimamiwa na USAID, mingine na CDC ambayo ni taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, na ile ya nyanda za juu kusini ilikuwa na jeshi lao. Hela nyingi haikupitia hazina yetu, ilipitia mashirika. Kigoma tulianza na ICAP ya Chuo Kikuu cha Columbia, baadaye kazi ikachukuliwa na THPS, shirika la Kitanzania, kwa hela za CDC. Tabora walianza na shirika la Kimarekani la EGPAF, miaka ya karibuni ni MDH, nao ni Watanzania na hela ni za CDC pia. Watu wengi hawajui kwamba kwa miaka mingi sasa wanaoendesha hizi kazi mkoani ni Watanzania wenzetu, madaktari na wachambuzi wa data waliosoma Muhimbili na Bugando, Mzungu unaweza usimuone mwaka mzima.

Tabora kuna mambo mawili napenda kuyataja kwa sababu hayahusu vidonge. La kwanza ni damu. Zamani mtu akihitaji damu, ndugu wanachangia palepale, inapimwa haraka au haipimwi vizuri, anawekewa, na mama aliyejifungua kwa shida akaondoka hospitalini na mtoto na virusi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulijengwa kuanzia miaka ya 2004 na 2005 kwa sehemu kubwa na hela za PEPFAR, na kituo cha kanda ya magharibi kikawekwa Tabora, kinahudumia na huku kwetu. Leo mtoto mwenye malaria kali na upungufu wa damu anawekewa damu iliyopimwa, na hiyo imeokoa watu ambao hawana uhusiano wowote na UKIMWI. La pili ni tohara. Tafiti tatu kubwa zilizofanyika Kenya, Uganda na Afrika Kusini zilionyesha kwamba mwanaume aliyetahiriwa anapunguza hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60, Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi mwaka 2007, na Tabora ikawa kati ya mikoa ya kipaumbele kwa vile wanaume wengi walikuwa hawajatahiriwa. Kampeni zile za shirika la Jhpiego na serikali, mahema, vijana wamepanga foleni, madaktari wanahama kata kwa kata, zililipwa na Marekani.

Turudi kwenye CTC, manake hapo ndo misaada inaonekana kwa karibu zaidi. Mgonjwa ana kadi yake, CTC1, faili lake linalobaki kituoni ni CTC2. Siku ya kliniki anafika mapema, anapimwa uzito, anaulizwa kikohozi, homa, jasho la usiku, kwasababu kifua kikuu ndo kinachowaua wengi wenye VVU, alafu anaonana na mtoa huduma, anapangiwa tarehe. Pembeni kuna dada au kaka ambaye hajavaa sare ya nesi, huyo ni WAVIU mshauri, naye ana maambukizi, anatumia dawa hizohizo, na kazi yake ni kukaa na yule aliyepimwa leo akakutwa nayo na anatetemeka, akamwambia mimi hapa unaniona, nina miaka kumi na mbili nameza, nimezaa watoto wawili na wote wako salama. Hakuna daktari anayeweza kufanya hiyo kazi kwa namna ile. Jioni mshauri huyohuyo anapitia orodha ya waliotakiwa kuja wasije, anaanza kupiga simu moja moja, asiyepatikana anafuatwa nyumbani kwa siri, bila gari lenye nembo, bila kumwambia jirani anakotoka.

Na huku ziwani kumfuata mtu sio kazi ndogo. Mvuvi wa dagaa anaishi kwa giza, mwezi ukiwa mkali karabai hazivuti samaki, anapumzika, giza likirudi anahamia kambi nyingine, leo yuko Katonga, wiki ijayo yuko kusini huko Buhingu au Kalya, mwingine ana mke ng'ambo ya Kongo na mwingine hapa. Ukimpa dawa za mwezi mmoja umemfungulia njia ya kuwa mtoro. Ndo maana utaratibu wa kutoa dawa za miezi mitatu au sita kwa aliyetulia ulikuwa mkombozi kwa wavuvi, na Tabora kwa vibarua wa tumbaku wa Urambo na Kaliua ambao nao wanahama na msimu. Lakini ili umpe mtu dawa za miezi sita lazima stoku iwepo, na ili ujue ametulia lazima damu yake ipimwe wingi wa virusi, yani sampuli itoke kijijini mpaka kwenye maabara na majibu yarudi. Mnyororo mzima huo ukikatika sehemu moja, kopo bado lipo kwenye shelfu lakini mtu anaanza kuumwa.

Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamuambukizi mwenza wake kwa ngono. Hili watu bado hawaliamini huku mtaani lakini limethibitishwa, utafiti mkubwa uliotoa majibu 2011 ulikuta kumuanzishia dawa mapema aliyeambukizwa kunapunguza kumuambukiza mwenza wake kwa asilimia 96, na waliolipia utafiti ule pia ni serikali ya Marekani. Kwahiyo kila kopo ni tiba na ni kinga. Kwa wajawazito ni hivyohivyo: bila dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU 15 mpaka 45 wanaweza kuambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, dawa zikitumika vizuri wanashuka chini ya 5. Kuna watoto wako sekondari leo hapa mjini ambao mwaka 1998 wasingekuwa na nafasi hiyo.

Je, tuna uhakika ni misaada iliyofanya hivyo? Swali halali, kwasababu mambo mengi yalibadilika kwa pamoja. Watafiti wakiongozwa na Eran Bendavid wa Stanford waliliangalia hili, wakachapisha kwenye JAMA mwaka 2012: walilinganisha nchi za Afrika zilizokuwa kwenye PEPFAR na zisizokuwa, wakakuta uwezekano wa mtu mzima kufa kwa sababu yoyote ile, sio UKIMWI tu, ulikuwa chini kwa karibu asilimia 16 kwenye nchi za PEPFAR, na kwa Tanzania na Rwanda wakaingia ndani mpaka ngazi ya wilaya wakaona pale mpango ulipofanya kazi kwa nguvu zaidi vifo vilikuwa vichache zaidi. Kidunia vifo vya UKIMWI vilifika karibu milioni 2 mwaka 2004, mwaka 2023 vilikuwa 630,000. Tanzania watu wazima wa miaka 15 mpaka 49 wenye maambukizi walikuwa asilimia 7 kwenye utafiti wa 2003/04, utafiti wa 2022/23 kwa miaka 15 na kuendelea ukakuta asilimia 4.4, na hapo kumbuka watu hawafi tena kama zamani, yani asilimia ingeweza hata kupanda kwa vile wagonjwa wanaishi. Utafiti huohuo ulikuta karibu 98 kati ya kila 100 wanaojua hali yao wanatumia dawa. Mkoa wetu ulikuwa wa chini kuliko yote ya bara, asilimia 1.7, wakati Njombe ni 12.7.

Hiyo 1.7 isitufanye tulale. Mkoa wenye maambukizi machache ni mgumu zaidi kwa namna fulani, unapima watu wengi sana kumpata mmoja, ndo maana walianza kufuata wenza wa waliokutwa nayo na kugawa vipimo vya JIPIME ambavyo sheria iliruhusu mwaka 2019. Alafu tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mpaka na Burundi, ziwa tunagawana na Kongo. Virusi havisimami Manyovu kugongewa pasi.

Makosa ya misaada yapo na lazima yasemwe. Sheria ya kwanza ya PEPFAR ililazimisha theluthi ya hela za kinga ziende kwenye kufundisha kusubiri mpaka ndoa, wakati wanawake wengi huku wanaambukizwa ndani ya ndoa hiyohiyo, sharti likalegezwa 2008. Mashirika yaliwachukua madaktari na manesi wazuri wa serikali kwa mishahara ambayo halmashauri haiwezi kuifikia. Hela nyingi ilikwenda kwenye semina za hotelini na posho. Kulikuwa na ripoti mbilimbili, mtoa huduma mmoja anajaza MTUHA, yani vitabu vya taarifa za afya vya serikali, na fomu za mfadhili, mgonjwa anasubiri kwenye benchi. Lakini kosa kubwa kwa maoni yangu ni letu: tulizoea. Zaidi ya miaka 20 tunajua hela hii ni ya bunge la watu wengine, wanaoweza kubadilisha mawazo uchaguzi wowote. Zimbabwe waliweka kodi ya UKIMWI ya asilimia 3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 pamoja na shida zao zote za uchumi. Sisi Mfuko wetu wa UKIMWI chini ya TACAIDS ukaja kuundwa 2015, na umebaki mdogo.

Siku ikafika. Januari 20, 2025 Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, siku chache baadaye mashirika yakaandikiwa barua wasimamishe kazi mara moja, Januari 28 ukatoka msamaha kwa huduma za kuokoa maisha, na Julai 1 USAID ikafungwa rasmi. Mtaani ikaenea kwamba dawa zimeisha. Haikuwa hivyo, na hapa ndo ule mgawanyo wa mwanzo unasaidia: dawa nyingi zilikuwa za Global Fund na zilikuwa bohari, manesi ni wa serikali, milango ya CTC haikufungwa. Kilichotikisika ni ile katikati isiyoonekana. Ninayemfahamu mmoja, WAVIU mshauri, mama wa makamo, alipewa taarifa kwamba mkataba umesimama, akarudisha rejista, simu ya kazi ikachukuliwa. Aliendelea kuwapigia watu wake kwa vocha yake mwenyewe mpaka hela ikakata, alafu akarudi kukaanga mihogo. Watu wake wale wapo, majina anayo kichwani, ananiambia kuna wawili wamehamia Kalya na hajui kama wanameza.

UNAIDS, shirika la UKIMWI la Umoja wa Mataifa, walikadiria kwamba PEPFAR ikiondoka kabisa bila mbadala, kufikia 2029 duniani kutakuwa na vifo vya ziada zaidi ya milioni 4 na maambukizi mapya zaidi ya milioni 6. Ni makadirio, yanategemea serikali zitafanya nini, na sehemu ya hela imerudi. Ndo maana napenda tupige hesabu ya nyumbani. Wanaotumia dawa Tanzania ni karibu milioni 1.5. Mzidishie kila mmoja dola 45 kwa mwaka, unapata dola milioni 67.5, kwa dola ya shilingi 2,500 ni kama bilioni 169. Bajeti ya serikali ya 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49. Hiyo bilioni 169 ni karibu senti 30 kwenye kila shilingi mia ya bajeti. Mwaka 2001 kusema Tanzania itajilipia ARV ilikuwa ndoto, leo vidonge vyenyewe tunavimudu, na tumefika hapo kwasababu hela za wenzetu zilishusha bei kwa miaka 20.

Kigumu kwenye bajeti kitakuwa ni vile vitu vidogo ambavyo diwani hawezi kuvizindua kwa kukata utepe: vitendanishi vya kupima wingi wa virusi, mafuta ya boti ya kubeba sampuli kutoka Kalya, posho ya yule mama na vocha yake. Halmashauri zinapanga bajeti kila mwaka na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa mwananchi kuingia kusikiliza, kwahiyo ukiingia usiulize kama dawa zipo, watakujibu zipo na watakuwa wanasema kweli, uliza kuna shilingi ngapi ya kuwafuata waliokosa kliniki na nani ameajiriwa kuwafuata.